Neno Nililokosea Chini ya Picha ya Sabina

Vijana wa ofisi waliponiaga walinipa saa ya ukutani na doti ya kitenge, halafu Eliza, ambaye sasa anakalia kiti changu, akaniomba niwaandikie uzoefu wangu wa ukalimani. Nilimwambia uzoefu wangu mwingi ni wa kukaa katikati ya watu wawili wanaoongea, mimi nikiwa na njaa. Alicheka, lakini ombi hakuliondoa. Basi naandika. Vyeo nitaviruka, maana nilipata viwili tu na vyote vilikuja na kazi ileile. Majina ya watu nimeyabadilisha, na mkifika mbele mtaelewa kwa nini.

Mimi ni Muha, mzaliwa wa vijijini upande wa Kasulu, niliyeolewa Buzebazeba, Kigoma mjini, na kubaki hapo mpaka leo. Miaka ya tisini, watu walipoanza kuvuka ziwa kwa wingi wakikimbia vita, nilikuwa nafundisha darasa la tatu. Zikaja habari shuleni kwamba wanatafutwa watu wanaojua Kiha na Kiswahili cha kuandika, kwa sababu Muha na Mrundi husikilizana bila shida kubwa. Mwalimu mkuu akanitaja mimi. Niliambiwa kazi ni ya wiki mbili. Nimestaafu juzi.

Siku ya kwanza nilipelekwa ufukweni ambako maboti yalikuwa yanashusha watu. Afisa alimuuliza mzee mmoja wa Kirundi ametoka wapi. Yule mzee akaongea muda mrefu, akitaja kilima, mto, jina la chifu wa zamani, shamba la kahawa na jirani aliyemkopesha jembe. Alipomaliza nikasema, "Anasema ametoka Burundi."

Afisa akaandika. Nyuma yangu nikasikia mtu akikohoa kwa makusudi. Alikuwa Mzee Rajabu, mkalimani aliyenitangulia, mtu wa Ujiji kabisa, amevaa kanzu na juu yake koti la mvua. Alikuwa anajua Kiswahili, Kirundi, Kibembe na Kifaransa alichojifunza kwa mapadri ingawa hakuwahi kuwa Mkristo.

"Mwalimu," aliniita, "huyo mzee alikueleza maisha yake yote. Wewe umempa afisa neno moja. Hayo mengine umempelekea nani?"

Tangu siku hiyo nilikaa karibu naye, nikajifunza. Alinifundisha kusema "mimi". Mtu akisema "nilikimbia", nawe sema "nilikimbia", usiseme "anasema kwamba alikimbia". Alinifundisha kutoongeza chumvi wala kupunguza. Alinifundisha kwamba nikikosea niseme saa ileile, mbele ya wote waliosikia kosa. Na alinionya juu ya Kiha changu. "Neno usilolijua utauliza," alisema. "Neno linalofanana na la kwenu hutauliza. Hapo ndipo utaumbuka."

Vifaa vya kazi havikuwa vingi. Penseli, kwa sababu wino wa kalamu hukimbia mvua ikipiga daftari. Daftari lenye jalada gumu. Mabuti. Biskuti mfukoni. Vitambaa viwili vya mkononi, kimoja changu na kimoja cha kumpa anayehojiwa. Ofisi baadaye ilituletea mikoba yenye nembo, ambamo hamkuingia daftari wala biskuti.

Jambo gumu lilikuwa lile la "mimi". Siku moja nilifanya ukalimani kwa baba aliyewapoteza watoto njiani. Kwa saa nzima mdomo wangu ulikuwa unasema, "Niliwaacha wanangu kwenye migomba nikidhani nitarudi." Nilipofika nyumbani mwanangu alinikimbilia mlangoni nikamshika kwa nguvu mpaka akalalamika. Mume wangu aliuliza kama nimelia, nikamwambia ni vumbi la barabara. Mahojiano ya namna hiyo yalikuja mengi, na kadiri yalivyokuja ndivyo nilivyokuwa hodari. Nilifika mahali namtazama mtu anavyokaa kwenye benchi, najua atakachosema. Nilijivunia jambo hilo. Mzee Rajabu alikuwa ameshaacha kazi kwa sababu ya macho, hakuwapo mtu wa kukohoa nyuma yangu.

Ndivyo nilivyokuwa nilipokutana na Generoza.

Kambini kulikuwa na banda la akina mama, lenye cherehani chache na ukili wa kusukia mikeka. Generoza alikuwa Mrundi wa miaka thelathini hivi, mkimya, asiyeshona wala kusuka. Alikuwa anakuja kuokota. Alikusanya vipande vya vitenge vilivyobaki, nyavu zilizochakaa, magunia ya mahindi ya msaada, maganda makavu ya mgomba. Wenzake walidhani anatengeneza godoro. Miezi ikapita, siku moja akasimamisha kitu chake ukutani na cherehani zote zikasimama.

Ilikuwa picha ya mwanamke, kuanzia kichwani mpaka kifuani, kubwa karibu nusu ya mlango. Sura aliichora kwa mkaa na udongo mwekundu wa shimo la matofali, akaisugua kwa majivu sehemu za mwanga. Nywele zilikuwa wavu mweusi. Mabegani alibandika kitenge halisi, kimefungwa bega moja kama imvutano, vazi la mama wa Kirundi anapokwenda mahali pa heshima. Vidole vilikuwa maganda ya mgomba, na vile vidole vilikuwa vimeshika ncha ya kitenge hicho vikiikandamiza mdomoni. Mdomo wenyewe hauonekani. Macho yamefinywa, karibu kufumba, na pembeni yana mikunjo. Kila kitu kimeshikwa na gundi ya unga wa muhogo juu ya gunia ambalo herufi zake bado zinasomeka nusunusu.

Wakati huo shirika lililokuwa likisimamia banda lilikuwa linaandaa maonyesho Kigoma mjini, na lilikuwa limemwalika mtaalamu wa sanaa kutoka Ulaya achague kazi za kuonyesha. Tulimwita Madamu Klara. Alikuwa mama mpole, mwenye kofia pana na Kiswahili cha darasani, na kila kitu alikitazama kwa muda mrefu. Mbele ya picha ya Generoza alikaa zaidi ya robo saa. Aliyekuwa pamoja nasi ni Bwana Salehe, afisa wa kambi, mtu wa Tanga, ambaye baada ya miaka yote ile Kiha chake kiliishia kwenye salamu ya "mwakeye".

"Muulize kwa nini mdomo umefunikwa," aliniambia Madamu Klara.

Nikauliza. Generoza alitazama chini, akatabasamu kidogo, akasema, "Ni isoni."

Hapo nilipaswa kusimama. Neno hilo tunalo hata sisi Waha. Nilikuwa nalijua tangu utotoni, ndiyo maana sikuuliza. Nikasema, "Aibu. Ni aibu."

Madamu Klara alishusha pumzi. Akaniuliza kama ni aibu aliyotendewa. Nilimtazama yule mwanamke wa kwenye picha, macho yale yaliyofinywa, mdomo ule uliozibwa, nikakumbuka wanawake wote niliowasemea "mimi" kwenye benchi la ofisi. Sikumuuliza Generoza. Nilijibu mwenyewe, "Nadhani ndiyo." Katika miaka yangu yote ya kazi, sijui kama niliwahi kutamka neno baya zaidi ya lile "nadhani".

Madamu Klara akaandika mengi. Kikaratasi cha maelezo kikatoka kimechapwa vizuri: picha imeitwa "Kimya cha Aibu". Wavu ulikuwa kifungo. Gunia lenye herufi lilikuwa malalamiko juu ya maisha ya kutegemea msaada. Kitenge, kwa kuwa kilikuwa cha Kongo, kilikuwa dalili ya mtu aliyepokonywa utambulisho wake na kuvishwa wa wengine. Alisema kuna ukumbi kwao unaotaka kuinunua. Bwana Salehe naye akanivuta pembeni akaniambia picha hiyo itamsaidia sana yule mama. Kulikuwa na orodha ya watu wanaotafutiwa nchi ya tatu ya kuhamia, na faili lenye ushahidi wa namna ile halikai chini ya mafaili mengine. Nilirudi nyumbani nikijiona nimefanya kazi njema.

Ilibaki sahihi ya Generoza tu. Wiki mbili baadaye nilikwenda kumsomea kile kikaratasi ili akubali au akatae. Nilikuwa nakirudisha kwa Kirundi, sentensi moja moja. Nilipofika kwenye "aibu aliyotendewa", nikatafuta neno, likaja neno jingine kabisa, zito, la mtu aliyedhalilishwa. Isoni haikuingia pale hata kwa kulazimisha. Nikalitamka hilo zito.

"Nani ametendewa?" Generoza aliuliza.

"Huyu wa kwenye picha."

"Huyu ni dada yangu Sabina. Nani kamtenda nini?"

"Mdomo ulivyofunikwa..."

"Anacheka!" alisema. Alinitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Mama Skola, wewe si Muha? Kwenu bibi harusi anacheka mbele ya wakwe mdomo wazi?"

Ndipo akanieleza. Sabina alikuwa ameolewa siku chache tu. Wazee walikuwa wamekaa kwa mkwe wake wanakunywa pombe ya ndizi, wanawake wamekaa upande wao kwa adabu zote. Mbuzi akaingia, akachukua kofia ya baba mkwe iliyokuwa juu ya kigoda, akaanza kuitafuna mbele ya mwenyewe, ambaye alikuwa katikati ya hotuba na hakuona. Hakuna aliyethubutu kusema. Sabina akashika ncha ya vazi lake akajiziba mdomo, machozi yakamtoka kwa kicheko.

"Haya" ndilo neno nililopaswa kulisema. Isoni ni haya. Mama yangu mzazi alicheka hivyo maisha yake yote. Shangazi zangu walicheka hivyo. Mimi mwenyewe nilicheka hivyo kabla sijaanza kazi ya ofisi. Nilikuwa nimesikiliza vilio miaka mingi hivi kwamba nikimwona mwanamke amejiziba mdomo, jibu ninalo kabla ya swali.

Nikamuuliza na mengine, kwa unyonge. Wavu? "Ningepata wapi nywele?" Gunia? "Karatasi inaota ukungu, gunia halioti." Na kitenge cha Kongo? Kilikuwa kipande cha gauni la jirani yake Mbembe, ambalo cherehani ililitafuna, akampa badala ya kukitupa.

Nikamuuliza Sabina yuko wapi. Hakujua. Siku waliyokimbia walipanda maboti mawili, kila mmoja na lake, kwa sababu nafasi ilikuwa ya kugombania. La Generoza lilifika Kigoma. La Sabina halikuonekana tena. Alikuwa ameuliza kambi zote, jina halikupatikana.

"Pole," nilisema. "Kwa hiyo hii ni picha ya kumlilia."

"Simlilii," alijibu haraka. "Nikianza kumlilia nitakuwa nimemzika."

Sasa ilinibidi nimweleze ukweli wote. Nikamwambia kuhusu ukumbi wa Ulaya, orodha na faili. Nikamwambia kwamba akiweka sahihi kwenye kikaratasi kile kilivyo, mambo yake yanaweza kwenda haraka, na hakuna atakayejua. Nilitaka, nakiri, aweke sahihi. Kosa langu lingegeuka kuwa msaada.

Alichambua gundi kavu kwenye kucha.

"Watu watamtazama wamwonee huruma," alisema mwishowe. "Sabina hapendi kuonewa huruma. Aliungua mguu tukiwa wadogo, mama akilia yeye anamfokea. Andika anacheka. Andika na jina lake."

Kesho yake nilikwenda kwa Madamu Klara, Bwana Salehe akiwapo, nikasema, "Nilikosea. Niliambiwa haya, nikasema aibu. Halafu ulipouliza zaidi nikajibu bila kumuuliza mwenyewe." Nikaeleza habari ya mbuzi. Madamu Klara alisikiliza mpaka mwisho, na sifa yake nampa, kikaratasi alikibadilisha siku hiyohiyo kikawa "Sabina Anacheka". Lakini ule ukumbi ulikuwa unakusanya kazi zinazohusu machungu, kwa hiyo habari ya kununua ikaisha. Alisema kwa masikitiko kwamba picha imebadilika. Ilikuwa pale ukutani, haijapungua hata uzi.

Bwana Salehe aliningoja nje. "Skola, umemharibia yule mama," alisema. Hakusema kwa hasira, ndiyo maana iliniuma zaidi.

Siku ya maonyesho ukumbi ulijaa. Walikuja wakubwa wa mkoa, wanafunzi, na kwaya ya kanisa moja la kijiji cha Simbo iliyoalikwa kuimba. Generoza alikuja kwa gari la shirika pamoja na wenzake, kibali chao kikiwa cha siku moja mpaka saa kumi jioni. Alisimama kando ya picha yake, mikono ameikunja, mimi pembeni yake. Watu walipita, wakasoma, wakatikisa kichwa. Wengine, hata baada ya kusoma "anacheka", walisema maskini.

Kisha akaja mwanakwaya mmoja, mama mnene muuza mawese, ambaye nitamwita Yolanda. Hakusoma kikaratasi. Alisimama mbele ya picha, akapiga makofi mara moja, akaangua kicheko.

"Hee!" alisema kwa Kiha. "Si mke wa Bukuru huyu? Mtazameni anavyojiziba! Hata jana kisimani alikuwa hivihivi!"

Kisha akakodoa macho kwenye kikaratasi, akasoma kwa silabi, "Sa-bi-na. Sasa Sabina ndiye nani?"

Generoza alikuwa Mrundi na Kiha anakisikia vizuri kama mimi. Kila neno lilimfika. Hakugeuka. Alishika tu ukingo wa meza iliyokuwa nyuma yake.

Lazima mwelewe mambo yalivyokuwa. Mkimbizi mahali pake palikuwa kambini. Aliyekutwa kijijini bila kibali alipandishwa gari akapelekwa huko. Kama mke wa Bukuru wa Simbo alikuwa Sabina, basi alikuwa ameishi miaka yote hiyo kama Muha, ameolewa, ana nyumba, na jina lake la kweli lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa ukutani, kwa maneno yangu mwenyewe, mbele ya afisa wa kambi aliyesimama hatua tatu kutoka hapo.

Naye Bwana Salehe alivutwa na kile kicheko. Akaja. "Mama huyu kafurahi," alisema. "Anasemaje, Skola?"

Kazi yangu ilikuwa kusema kila kilichosemwa, bila kuongeza wala kupunguza. Nilikuwa nimekosea mara moja kwenye picha hiyohiyo, nikaungama mbele yake. Nilimtazama usoni nikamwambia, "Anasema picha imemkumbusha mama yake mzazi."

"Safi sana," alisema, akaenda kuwapokea wageni wengine.

Nilimshika Yolanda mkono nikampeleka kwenye baraza. "Mama, nakuomba," nilimwambia, "lile jina la mume usilitaje tena humu." Alinitazama, akatazama ndani alikosimama Generoza, akarudisha macho kwangu. Hapo nikaelewa kwamba Simbo walikuwa wanajua, au walikuwa wanakisia, na walikuwa wamekaa nalo kimya kijiji kizima. Alifunga mdomo na hakuufungua mpaka kwaya ilipoitwa kuimba.

Niliporudi, Generoza aliniuliza kwa sauti ya chini, bila kunitazama, "Simbo ni mbali?"

"Si mbali. Lakini kibali chako ni mpaka saa kumi, na si cha Simbo."

"Naelewa." Kisha akasema, "Toa jina lake pale ukutani."

Nilimwendea Madamu Klara nikamwambia msanii ameona jina liondolewe, ni mambo ya heshima ya familia. Ilikuwa kweli kwa kiasi fulani. Alichukua mkasi mwenyewe akakata, likabaki neno "Anacheka".

Jumapili nilikwenda Simbo. Nilivaa nguo za kanisani nikaacha mkoba wa ofisi nyumbani. Nyumba ya Bukuru nilionyeshwa na Yolanda kwa kidole, kutoka mbali. Mwanamke alikuwa uani anachemsha ngazi, zile tunda za mchikichi, kwenye pipa, moshi umemzunguka. Nilimwamkia kwa Kiha, akanijibu kwa Kiha safi, akanipa kigoda. Alisema yeye ni Mama Joweli, kwao ni upande wa Kasulu.

"Hata mimi kwetu ni upande huo," nilisema.

Akawa makini zaidi. Nilimwambia nimetumwa na Generoza. Akasema hamjui. Nikamwambia sikutumwa na ofisi, sina karatasi, sitaandika. Akasema tena hamjui mtu huyo, na kwamba moto wake unazimika. Aliinama akasukuma kuni ambazo hazikuhitaji kusukumwa.

Nilikuwa nimefanya mahojiano mengi ya watu wanaokana. Kuna njia za kuwabana. Sikutaka kuzitumia pale. Nilisimama, nikamwambia nisamehewe, pengine nimekosea nyumba. Kisha kwa kuwa nilikuwa naondoka, nikamweleza tu habari ya picha, jinsi Generoza alivyomchora dada yake siku ile mbuzi alipokula kofia ya baba mkwe.

Hakuinua kichwa. Alikaa hivyo mpaka nikafika kwenye ua wa mabua.

"Haikuwa ya baba mkwe," alisema nyuma yangu.

Niligeuka.

"Kofia. Ilikuwa ya katekista. Generoza alikuwa mdogo, hakumbuki vizuri."

Kisha akakaa chini kwenye majivu, akalia mpaka sauti ikamkauka. Nilizima moto mimi. Alipotulia aliniambia boti lao liliharibika injini, likasukumwa na maji mpaka kwenye kijiji kidogo kaskazini, akatembea kwa miguu siku nyingi. Mume wake wa kwanza alikuwa amebaki kule kule Burundi, kaburini. Bukuru alimkuta barabarani na homa. Bukuru anajua. Watoto hawajui.

"Kambini siendi," alisema. "Nikienda, watoto watauliza wao ni nani."

"Sijaja kukuchukua."

Akafuta uso kwa mgongo wa mkono, ukabaki na masizi. "Amenichora najiziba?"

"Ndiyo. Kwa haya. Kwa ajili ya wakwe."

"Wakwe!" Alionyesha meno, na jino la mbele halikuwapo. "Nilikuwa na pengo hili tangu msichana. Nilikuwa najiziba kwa ajili ya pengo. Hakuwaambia habari ya pengo?"

"Hakusema."

"Basi ananifichia mpaka leo," alisema, na machozi yakaanza upya.

Eliza, wewe unapenda kuuliza maana ya jambo. Mimi mpaka leo sijui kama mdomo ule ulizibwa kwa mila au kwa pengo, na walionitangulia kueleza walikuwa na vyeti vingi kuliko mimi. Ninachoweza kukuambia ni kwamba muulize mwenyewe, halafu muulize tena.

Sabina aliniambia kila Ijumaa anakwenda ufukweni Katonga kununua dagaa. Nilimfikishia Generoza habari hiyo, na ilipofika Ijumaa ya tatu nilimwombea kibali cha kuja mjini kuchagua nyuzi za banda, nikaandika jina langu kama msindikizaji. Nyuzi tulinunua, ili karatasi isiwe ya uongo wote.

Tulifika Katonga asubuhi, dagaa wakiwa wametandazwa mchangani na akina mama wamejaa, kila mmoja na beseni lake. Sabina alikuwa amechutama kwenye fungu moja. Generoza alimwona kabla yangu. Nilimwambia polepole kwamba hapa pana macho ya watu. Akaitikia kwa kichwa, akaenda akachutama upande wa pili wa fungu lile, kama mnunuzi mwingine yeyote.

Hawakukumbatiana. Nilisikia neno la kwanza tu.

"Umenenepa," alisema Generoza.

"Na wewe umezeeka," alijibu Sabina.

Hapo nikaondoka. Nilikwenda nikasimama kwenye mitumbwi, mgongo nimewapa, nikawatazama wavuvi wanavyoshona nyavu. Mwenye dagaa alinijia akaniuliza kama wale mama wananunua au wanahesabu dagaa mmoja mmoja. Nikamwambia awaache, wanachagua. Walichagua kwa zaidi ya saa moja. Walipoinuka, kila mmoja na beseni lake, mmoja alishika njia ya Simbo na mwingine akaja kwangu.

Walikutana hivyo mara kadhaa, mpaka Warundi walipoanza kurudishwa kwao na Generoza akaondoka na picha yake imekunjwa ndani ya mkeka. Sabina alibaki. Ofisini sikuwahi kuandika hata mstari mmoja, na kama nilistahili kufukuzwa kazi, sasa mmechelewa.

Lakini siku ile ya kwanza, tukiwa garini tunarudi kambini, Generoza alikuwa na harufu ya dagaa na macho yamevimba. Tulipopita nyumba za mwisho za mji alinigeukia.

"Mama Skola," alisema, "unataka nikuambie tulichoongea?"

Nilikuwa na daftari mapajani kwa mazoea. Nikamwambia hapana. Akanishukuru, akaegemeza kichwa kwenye kioo, akalala mpaka kambini.